Aliyeendesha Nyuma ya Wote

Kila kundi la watalii wa baiskeli lina mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Wa mbele ndiye anayejulikana. Huyo hupigwa picha, huulizwa majina ya ndege, huingia wa kwanza kwenye nyumba ya wageni na kuchagua kitanda kisicholia. Wa nyuma hula vumbi.

Kwa miaka kumi na mmoja, mtu wa nyuma katika kampuni moja ndogo ya kutembeza wageni alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye makovu magotini, ambaye wateja walimpachika jina la Fagio. Ndiyo kazi aliyofanya, kufagia njia. Aliwaokota waliochoka, waliopata pancha, waliosimama kujisaidia vichakani, na wale waliogombana na wake zao katikati ya mlima wakaapa hawasogei tena hata kwa winchi. Jina lilimganda. Hata dada yake mkubwa, aliyetoka naye tumbo moja, aliishia kumwita hivyo hivyo.

Baba yao alikuwa fundi baiskeli, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Mabinti hao wawili walikulia kwenye harufu ya solusheni ya kubandikia viraka na mpira uliosuguliwa. Mkubwa aliichukia harufu hiyo, akaolewa mapema. Mdogo aliipenda. Aliposwa mara moja tu, na mposaji alipomwambia achague kati yake na baiskeli, hakuomba muda wa kufikiri. Mume wa dada ndiye aliyemwingiza kazini. Shemeji huyo alikuwa na miguu mizuri na mdomo mzuri zaidi, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa mbele.

Safari zao zilikuwa za siku tano. Siku mbili walipita juu ya uwanda wa mawe ya chokaa, kisha wakateremka bondeni, wakavuka mto, wakapanda uwanda wa pili na kuteremka tena hadi mto mwingine. Juu huko ni kweupe. Barabara nyeupe, kuta za mawe makavu nyeupe, hata mbuzi wameingia rangi ya vumbi. Maji huyaoni, na si kwamba mvua hainyeshi, ni kwamba jiwe lile linakunywa. Mvua ikipiga asubuhi, mchana hukuti hata dimbwi. Yote yamezama kwenye nyufa, yamepita chini kwa chini, yakaibukia ubavuni mwa bonde kwenye chemchemi baridi za kukata meno. Huko chini ndiko kwenye miti, mahindi na watu. Juu mtu anaweza kuendesha saa tatu asisalimiane na yeyote.

Kila walipofika mwisho wa siku, Fagio alikuwa akimwambia shemeji yake maneno yale yale: “Nyuma yangu hapana mtu.” Shemeji hutia alama kwenye orodha, wote wakaenda kuoga. Miaka kumi na mmoja, hakuna siku aliyoshindwa kuyasema.

*

Mwaka ule, msimu ukiwa umeanza kuchoka na mawingu yameshuka chini, alikuja mzee mmoja peke yake. Umri wake sabini na moja, mpima ardhi mstaafu. Alikuwa na ramani ya karatasi, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, na aliifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu kuukuu. Watalii wenzake wakamwita Mzee wa Ramani. Siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi, alikuwa ameshakuwa wa mwisho, na Fagio alikuwa nyuma yake.

“Shikamoo, baba. Unaendeleaje?”

“Marahaba, mwanangu. Mimi siendelei, mimi nasogea.”

“Tunaweza kupumzika.”

“Tukipumzika sitasogea tena. Twende hivyo hivyo.”

Wakasogea. Mtu akiwa wa mwisho siku tatu mfululizo, na mwingine kazi yake ni kukaa nyuma ya wa mwisho, watazungumza tu wapende wasipende. Mzee alimweleza kwamba akiwa kijana wa miaka ishirini na sita aliupima uwanda ule wote kwa mguu, akipigilia vigingi na kuchonga alama kwenye mawe. Sasa alisimama kila penye alama, akaipapasa kwa kiganja, akaitazama ramani, akatikisa kichwa kuridhika.

“Simu ingekuonyesha haraka zaidi, baba,” Fagio alimtania.

“Simu inaomba chaji kama mtoto anayeomba kunyonya. Karatasi hii haijawahi kuniomba kitu.”

Siku ya tatu walikaa mgongo ukutani kukwepa upepo, wakila mayai ya kuchemsha waliyofungiwa. Mzee alimenya lake taratibu, ganda akalitia mfukoni, kisha akasema bila kumtazama:

“Mama watoto wangu hanijui tena.”

Fagio aliacha kutafuna.

“Ni ugonjwa wa kusahau. Mwaka wa pili sasa. Ananiita bwana mgeni. Juzi amenikaribisha vizuri kabisa, ameniuliza kama nimekula. Halafu akaniuliza nitaondoka lini.” Alicheka kidogo, na kicheko kikaishia puani. “Binti yangu ndiye aliyenilazimisha kuja huku. Aliniona nimekonda. Yeye yuko naye nyumbani sasa hivi.”

“Pole sana, baba.”

“Nimeshapoa. Nikimaliza kula tusogee.”

Siku ya nne asubuhi walikuwa wanakaribia ukingo wa uwanda wa pili, pale barabara inapoanza kujikunja kuelekea mtoni. Kundi lote lilikuwa limeshateremka. Shemeji aliwaahidi chai kwenye daraja. Upepo ulikuwa unasukuma mawingu yakipita karibu na vichwa. Mzee alifunga breki, akashuka. Kando ya barabara palikuwa na jiwe lenye alama yake, na mbele kidogo njia ya miguu iliyoshuka kati ya miamba kwenda kwenye chemchemi. Alilipapasa jiwe kama mengine. Safari hii kiganja kilibaki palepale, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Fagio alisogea, akasimama, akarudi hatua moja. Mwanamume mwenye umri wa baba yako anapolia mbele yako, macho unayapeleka wapi?

“Mwanangu,” mzee alisema, akiwa bado amempa mgongo. “Nifanyie hisani. Tangulia. Nyumbani sina pa kulia. Nikilia, binti yangu ataogopa. Nipe dakika kumi tu, nitanawa uso hapo chini, nitakufuata.”

Fagio hakuwahi kumwacha mtu. Kwa wakaidi na walevi alikuwa na jibu: nimeajiriwa kukuona. Lakini hao hawakumwita mwanangu, wala hawakumwomba wakiwa wamempa mgongo.

“Nitakuwa hapo kwenye kona, baba,” alisema. “Si mbali.”

Kona ilikuwa kama hatua mia mbili mbele. Alishuka, akaiegemeza baiskeli ukutani, akakaa juu ya mawe, akatazama saa. Dakika kumi zikapita. Akajisemea, kilio cha mtu aliyekibana miaka miwili hakimaliziki kwa dakika kumi. Karibu na dakika ya kumi na tano alisikia sauti. Ilitoka nyuma, imekatwakatwa na upepo, sauti ya mwanamume, ndefu, isiyo na neno ndani yake. Kimya. Kisha tena, fupi zaidi.

Moyo wake ulimwambia, sasa analia kwa sauti. Aibu ikamshika, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha. Akasimama, akaisukuma baiskeli yake hatua nyingine mia moja kuteremka, mpaka akawa hasikii ila upepo. Huko akangoja.

Aliporudi, dakika arobaini zilikuwa zimekwisha. Baiskeli ya mzee iliegemea jiwe, kofia ngumu imetundikwa kwenye usukani, imefungwa kamba yake vizuri. Aliita. Akateremka kwenye njia ya miguu, ambapo maji yalikuwa yamelilamba jiwe mpaka likawa laini kama sabuni. Chini ya ngazi ya mwamba, kando ya chemchemi, mzee alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja umeingia majini. Mkono ulikuwa baridi. Shingoni palikuwa bado na joto, lakini mshipa haukupiga.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Kofia ngumu zilitundikwa kwenye misumari, kila moja na namba yake, na namba tisa, ya mzee, haikuwepo kwa sababu ilikuwa kwa askari. Bosi, mwanamume mnene aliyezoea kuongea huku akipanga vitu mezani, alimsukumia Fagio karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kwamba mzee aliacha barabara bila kumwarifu yeyote, na kwamba mhudumu wa nyuma wakati huo alikuwa akimzibia mteja mwingine pancha, kilomita tatu mbele.

“Hapakuwa na pancha,” Fagio alisema.

“Hatumsingizii mtu. Tunaweka mambo sawa tu. Wakisikia tulimwacha mzee peke yake jabalini, leseni imekwenda. Tuko watu tisa hapa.”

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na utani siku hiyo. “Marehemu hali, shemeji. Wanaokula ni walio hai. Mfikirie dada yako.”

Akamfikiria dada yake. Akaandika jina lake chini, herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Siku chache baadaye zikaja habari za daktari, naye bosi akazisoma kwa sauti, harakaharaka. Mzee alivunjika nyonga na kuvuja damu ndani kwa ndani. Alikaa hai nusu saa, pengine zaidi. Bosi aliikunja karatasi akaendelea kupanga kalamu zake. Fagio alitoka nje akaketi chini kando ya mlango wa duka la umeme, na mwenye duka akamletea maji, akidhani ni homa.

Msimu ukaendelea. Akawa anaendesha nyuma kama kawaida, anaziba pancha, anatoa maji ya kunywa, ila usemi wake wa jioni hakuusema tena. Shemeji akawa anahesabu watu kwa kidole na kutia alama mwenyewe, bila kumuuliza.

Baada ya wiki sita binti wa marehemu alikuja. Rika lake lilikuwa sawa na la Fagio, mwenye kazi ya maabara hospitalini, mtu wa kuuliza na kuandika jibu. Alimwambia bosi anataka kupita njia aliyopita baba yake, ile ya siku ya nne tu, pamoja na yule aliyekuwa nyuma yake, na asiwepo mwingine. Bosi hakuwa na namna ya kukataa. Alimvuta Fagio pembeni: “Utamwambia kilichoandikwa. Basi.”

Walipelekwa na gari la mizigo mpaka juu, wakaanza kuendesha saa mbili asubuhi. Binti alikuwa hajapanda baiskeli miaka mingi. Gia zilimshinda, zikawa zinalia kwa kusaga, naye hakuomba msaada. Fagio alikaa nyuma yake. Kila alipouona mgongo ule, mabega yale yale membamba, kichwa kilichoinamia upande wa kushoto kama cha baba yake, alikuwa akipunguza mwendo.

Walipofika kwenye jiwe, Fagio alipiga kengele. Binti akasimama.

“Ni hapa?”

“Ni hapa.”

Alishuka kwenye chemchemi peke yake, akiteremka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi. Fagio alisimama juu asimwondolee jicho. Aliporudi viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa.

“Karatasi inasema ulikuwa kilomita tatu mbele.”

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fagio ilikuwa imefika mwisho.

“Karatasi inasema uongo,” alijibu. “Na jina lililo chini ni langu.”

Akaeleza. Mayai ya kuchemsha, bwana mgeni, kiganja juu ya jiwe, dakika kumi. Akanyoosha kidole kuonyesha kona. Binti aliitazama kona.

“Umbali ule,” alisema. “Na hukusikia kitu?”

Upepo ulikuwa unavuma siku hiyo pia. Fagio angeweza kusema upepo ulikuwa mkali, na usingekuwa uongo mtupu.

“Nilisikia.”

“Nini?”

“Sauti. Mara mbili. Nilidhani analia. Nikaona haya kumsikiliza, nikaisukuma baiskeli nikaenda mbali zaidi.”

Binti alikaa chini katikati ya barabara. Kwa muda mrefu alikuwa akichambua vikokoto, akivipanga na kuvivuruga.

“Alikuwa anaita,” alisema.

“Sasa najua alikuwa anaita.”

“Baba hakuwahi kulia. Hata siku moja, sijamwona.”

“Alisema akilia nyumbani, wewe utaogopa.”

Hapo ndipo binti alipoinua uso. “Niogope nini mimi? Mimi nilikuwa nalia bafuni, nafungulia bomba asinisikie! Kila siku nafungulia bomba!” Akapiga barabara kwa ngumi, mara moja, mara mbili. Fagio alisogea kumshika mkono.

“Usiniguse,” binti alisema. “Na usidhani nimekuja huku kukusamehe. Sijakusamehe.”

“Sikukuomba, dada yangu.”

Waliteremka bondeni bila neno lingine, kona kumi na nne, breki zikinuka. Darajani gari la mizigo lilikuwa linangoja. Binti aliingiza baiskeli yake nyuma ya gari mwenyewe.

*

Mwezi haukuisha, kampuni ikafungiwa. Maofisa wa leseni waliochunguza kifo kile walimwita Fagio, akawaeleza kama alivyomweleza binti, hakupunguza. Bosi alihamia mji mwingine, kwa nduguye. Wengine walitawanyika kila mmoja na lake. Shemeji alikaa nyumbani miezi miwili, fulana ya kampuni bado mwilini, akiwachokoza wapita njia kwa utani usiochekesha.

Dada alimfuata Fagio kwake siku hiyo hiyo barua ya kufungiwa ilipofika. Hakukaa.

“Umeusema ukweli, vizuri. Umelala usingizi?”

“Sijalala, dada.”

“Basi ilikuwa ya nini? Mzigo wako umeutua, ukanitwika mimi. Mimi nilimwacha nani jabalini?”

Fagio alisogeza kiti. Dada aliondoka, na kwa miezi mitano hakuna aliyekanyaga mlango wa mwenzake.

Fagio alipanga nafasi chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu karibu na kituo cha mabasi. Panamtosha yeye, benchi la kazi, na baiskeli mbili tatu zilizogeuzwa matairi juu. Watu wakipanda ngazi, vumbi humdondokea kichwani. Wateja wake ni wauza mikate, walinzi, wanafunzi. Hawajui jina la Fagio, wanamwita fundi. Yeye mwenyewe hapandi tena ila kujaribu breki, kutoka ngazini mpaka kwenye kona ya duka na kurudi.

Siku moja, akiwa anakaza spoku za gurudumu, aliona viatu anavyovijua vimesimama mbele yake. Akainuka akifuta mikono.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba.” Dada alitazama dari ya ngazi, benchi, kopo la solusheni. Akavuta kigoda akakaa. “Shemeji yako amepata kazi. Kule wanakosaga mawe ya chokaa.”

“Anaionaje?”

“Anakohoa. Lakini anakwenda.” Alijipepea kwa ncha ya khanga. “Nina kiu.”

Fagio akamtilia maji kwenye kikombe cha bati. Dada alikunywa nusu, akakishikilia kikombe mapajani kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa limemkaukia. Mvi zilikuwa zimemwongezeka upande mmoja, hakuzipaka rangi.

“Yule binti,” alisema. “Amewahi kukutafuta?”

“Mara moja. Alipiga simu wiki iliyopita.”

“Kukutukana?”

“Hapana. Kuniambia mama yake amefariki. Akasema amemaliza kuwapigia ndugu wote, akabaki ameshika simu, akaona hana mwingine wa kumwambia ila mtu ambaye baba yake alimlilia.”

Dada aligeuza kikombe mkononi. Mtu alipanda ngazi juu yao, mzito, hatua kwa hatua, mpaka mlango ukafungwa huko juu.

“Na wewe ukamwambia nini?”

“Nilimwambia pole.”

“Basi?”

“Basi. Hakusema kitu tena, na mimi sikusema. Nikashika simu sikioni mpaka alipokata mwenyewe.”

Dada akamalizia maji yaliyobaki, akaweka kikombe juu ya benchi, kati ya spana na viraka. Akajipangusa vumbi begani. Alisema jua limekuwa kali, afadhali awahi nyumbani kabla mume wake hajarudi na kifua chake. Fagio alimsindikiza mpaka ukingo wa barabara, wakaagana bila kushikana mikono, kwa sababu ya mafuta ya cheni.